Mashine ya pleti iko njiani: tupange vipi kazi kabla haijafika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasimamia kiwanda cha chapa cha familia hapa Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, watu kumi na wanne. Tuna mashine mbili za kuchapa, Speedmaster 74 (SM 74) ya rangi nne na GTO 52 ya rangi mbili, zote za mtumba. Mpaka leo pleti, yale mabamba ya alumini ya kuchapia, tunatengenezewa nje. Sasa baba amekubali tununue mashine ya CTP ya mtumba, inayochoma pleti moja kwa moja kutoka kompyuta, ya leza ya joto. Muuzaji anasema inakuja na mfumo kamili unaojiendesha, PDF inaingia huku pleti inatoka kule, na kwamba tunaweza kupunguza mtu mmoja wa dizaini. Amana tumeshatoa, salio bado. Tuanzie wapi? Na je, tunaihitaji hiyo JDF anayoitaja kila mara?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maadamu salio bado liko mkononi mwako, una haki ya kuuliza maswali ambayo muuzaji angependa uyasahau. Nitaanza na hayo, kisha tuje kwenye mpango wenyewe. La mtu wa dizaini nitaliweka mwisho, maana jibu lake litajitokeza lenyewe.

Muuzaji hakudanganya. PDF inaweza kuingia huku na pleti ikatoka kule pasipo mtu kugusa kitu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Leo faili ikiwa na kasoro hupita kwa mtu wenu wa dizaini, kisha kwa yule anayewatengenezea pleti. Sina shaka amewahi kuwapigia simu saa mbili usiku: “Jamani, ukurasa wa tano hauna fonti,” au “Picha hii mmeitoa WhatsApp?” Huyo amekuwa mkaguzi wenu wa bure miaka yote, na pengine hamjawahi kumhesabu. Siku mashine itakapokuwa yenu simu hiyo haitalia tena, na kasoro itakwenda moja kwa moja kwenye alumini. Kwa hiyo unapopanga, jiulize kwanza lile jicho lake mtaliweka wapi ndani ya kiwanda chenu. Programu zije baadaye.

Sasa mashine. Usikubali picha wala video ya mashine ikizunguka tu. Taka pleti za majaribio zilizochomwa mbele ya mtu unayemwamini, zenye tinti tambarare, yaani nukta za unene mmoja, ya asilimia 50 pleti nzima. Kwenye tinti ya namna hiyo leza iliyochoka haijifichi: utaona mistari myembamba inayojirudia, kama mashamba yaliyolimwa kwa jembe moja. Uliza vichwa vya leza vina saa ngapi za kazi. Uliza pia pleti ndogo kabisa ambayo ngoma inaweza kuishika, kwa sababu mashine nyingi zinazobeba vizuri pleti ya SM 74, ambayo ni milimita 605 kwa 745, hazikubali ile ndogo ya GTO. Na matundu ya kupangia pleti yawe ya mashine zenu zote mbili, la sivyo mtaendelea kutoboa kwa mkono na faida ya usahihi itapotelea hapo.

Liko swali moja ambalo wanunuzi wa mtumba hulisahau karibu wote: mashine inaunganishwa na kompyuta kwa kitu gani? Za zamani nyingine zinatumia SCSI, nyingine kadi maalumu inayochomekwa ndani ya kompyuta, nyingine USB. Programu inayoiendesha mara nyingi hufungwa kwa kifunguo cha kuchomeka, na huenda inakubali Windows ya zamani tu. Kompyuta hiyo, kadi hiyo na kifunguo hicho ni sehemu ya mashine sawasawa na leza. Zisipokuja kwenye kontena moja nayo, mtakuwa mmenunua chuma. Zikifika, nakilini diski nzima siku ya kwanza, muiweke nakala kabatini, na kompyuta hiyo isiuone mtandao wa nje hata siku moja. Windows ya zamani ikiingiliwa na virusi siku ya kazi kubwa, hakuna fundi wa Mombasa atakayewapatia kadi hiyo kabla ya magharibi.

Tukitoka kwenye mashine tunafika kwenye kiungo, na hapa ndipo ningependa uweke mguu chini. Kati ya PDF na leza kuna ripu, programu inayougeuza ukurasa kuwa nukta za rangi nne. Ripu inaweza kutoa kazi yake kwa njia mbili: ikaipeleka kwa mashine kwa lugha ya siri ya mtengenezaji, au ikaandika faili za TIFF za biti moja, moja kwa kila rangi, ambazo programu ya mashine huzisoma na kuzichoma. Chagua hii ya pili. TIFF ya biti moja haina ujanja: kila nukta ni ndiyo au hapana, leza iwake au isiwake. Unaweza kuifungua kwenye skrini ukaona kilekile kitakachokuwa kwenye pleti, hadi duara la nukta yenyewe. Pleti ikikwaruzwa na mpiga mashine, unachoma ile ya samawati peke yake kutoka faili ileile, nayo inalingana na wenzake kwa sababu hakuna kilichopigiwa hesabu upya. Na mwaka mtakapoamua kubadilisha ripu, au leza ikafa mkanunua mashine ya kampuni nyingine, nusu ya mtiririko wenu inabaki palepale. Muuzaji akikwambia ripu na mashine haviwezi kutenganishwa, mwombe punguzo, kwa sababu anakuuzia mashine pamoja na ndoa yake.

Gharama ya njia hii ni ukubwa wa faili. Pleti ya SM 74 kwa nukta 2400 kwa inchi ina nukta karibu bilioni 4, yaani megabaiti 500 hivi kabla ya kubanwa, na seti ya rangi nne ni gigabaiti 2. Zikibanwa hupungua sana, lakini panga kwa kipimo kikubwa. Kwenye waya wa mtandao wa megabiti 100, pleti moja itasafiri kwa zaidi ya sekunde 40. Kwenye waya wa gigabiti ni sekunde 5. Basi badilisheni swichi na waya kati ya seva, ripu na mashine, na msithubutu kupitisha faili hizi kwa Wi-Fi. Hiki ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika mpango mzima, na ndicho watu hukiruka.

Kabla hujanunua programu yoyote, chukua daftari la kawaida, la mistari. Kwa siku 30 andika kila pleti iliyorudiwa na sababu yake: fonti, ukurasa kugeuzwa, mteja kubadili mawazo, toleo la zamani, mkwaruzo, rangi kukosa. Andika pia nani aligundua, na kazi ilikuwa imefika wapi. Nimefanya hivi na viwanda kadhaa na kila mara wenyewe hushangaa, maana sababu wanayoilaumu siku zote huwa si ile inayoongoza daftarini. Programu za kukagua na kusafirisha faili zenyewe, kama PitStop na Switch za Enfocus, au mifumo mizima kama Prinergy ya Kodak, Apogee ya ECO3 (zamani Agfa) na Prinect ya Heidelberg, ni nzuri. Ila ukiingia dukani bila daftari utanunua mlango wa dhahabu kwenye nyumba inayovuja paa.

Nijuavyo biashara ya pwani, mtagundua kazi zenu ni za aina mbili. Kuna vitabu vya risiti, mitihani ya shule, fomu, kadi za zahanati: rangi moja au mbili, kwenye GTO, sura ileile mwaka hadi mwaka, zinabadilika namba na jina tu. Hizo ziacheni zijiendeshe zenyewe mwanzo hadi mwisho. Kisha kuna kalenda, broshua za hoteli, ratiba za imsakiya (saa za kufunga na kufuturu) kabla ya Ramadhani, na mabango ya siasa, ambayo uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia yatawamiminikia usiku na mchana. Hizo zijiendeshe zenyewe hadi mlango wa pleti, na hapo zisimame mpaka mtu mmoja, jina lake likiwa kwenye kadi ya kazi, azifungulie. Imsakiya yenye dakika zisizo sahihi haiuziki hata kwa bei ya karatasi.

Kwenye ukaguzi wa faili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa pesa nyingi hupotea kimyakimya. Wateja wetu wengi huleta kazi ya CorelDRAW, na maandishi meusi ndani yake mara nyingi ni meusi ya RGB. Ripu ikiyageuza kwa profaili ya rangi, yanakuwa meusi ya rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi zote chini ya herufi ya pointi 8. Kwenye skrini huoni kitu. Kwenye SM 74, karatasi ikivuta unyevu wa Mombasa na kutanuka kidogo tu, kila herufi inaota kivuli chekundu pembeni, na mpiga mashine analaumiwa kwa dhambi ya faili. Sheria ya kwanza ya ukaguzi iwe hiyo: maandishi meusi yageuzwe kuwa nyeusi tupu asilimia 100, yachapwe juu ya rangi nyingine. Programu iruhusiwe kulirekebisha hili yenyewe, maana halibadilishi maana ya kazi.

Kinyume chake ni nyeupe iliyowekewa amri ya kuchapa juu ya rangi nyingine. Hutokea mtu akiwa na nembo nyeusi yenye amri hiyo, kisha akaibadili kuwa nyeupe bila kuiondoa amri. Kwenye skrini nembo ipo, kwenye pleti imeyeyuka. Programu iikamate na isimamishe kazi. Mengine ya kusimamisha: fonti zisizo ndani ya faili, picha chini ya nukta 150 kwa inchi kwenye kazi ya rangi, nyama ya kukata (ziada ya picha nje ya mstari wa kukatia) isiyofika milimita 3, na rangi ya ziada ambayo mteja hakuilipia. Jumla ya wino wa rangi zote nne mahali pamoja nayo ipimwe. Kwa karatasi ya kung'aa asilimia 300 inatosha kabisa, na kwa karatasi ya kawaida shukeni zaidi, hasa msimu wa mvua ambapo wino huchelewa kukauka na kazi hupakana mgongo rafuni.

Ombeni PDF/X-4, aina ya PDF iliyopangwa kwa kuchapa, kwa wateja wanaojua, na kwa wasiojua tengenezeni wenyewe kutoka faili yao. Msimpe mteja wa kadi za harusi darasa la PDF. Mpeni prufu (nakala ya kukagua) ya PDF kwenye simu, ajibu kwa maandishi kwamba amekubali, na jibu hilo liwekwe kwenye folda ya kazi.

Folda zenyewe: mifumo mingi inayojiendesha hutumia folda za mtego, ambazo programu huzichungulia na kumeza chochote kinachoangukia ndani. Niliwahi kuweka mtiririko wa namna hii kwenye kiwanda kimoja, nikajisifu mchana kutwa. Usiku faili kubwa ya kitabu ilikuwa bado inanakiliwa kutoka kompyuta ya dizaini, programu ikaimeza kabla haijafika mwisho. Ripu haikulalamika. Ilitengeneza kurasa ilizoziona na kuziacha nyingine tupu, na asubuhi tukakuta pleti kumi na mbili safi za kurasa nusu. Kosa lilikuwa langu: sikuweka muda wa kusubiri mpaka ukubwa wa faili utulie. Sasa huwa naweka sekunde 30 za utulivu, na faili hunakiliwa kwanza kwenye folda ya pembeni, kisha huhamishwa ikiwa nzima.

Jina la faili lianze na namba ya kadi ya kazi, kisha mashine, kisha toleo: 2417_SM74_t3. Neno “final” lipigwe marufuku. Katika maisha yangu nimekutana na final, final2, finalsasa na finalkabisa, na iliyochapwa ilikuwa ile ya pili.

Sasa unene wa nukta. Pleti mpya, leza mpya kwenu na dawa mpya ya kuoshea vitawapa nukta tofauti na mlizozoea, kwa hiyo wiki ya kwanza kazi itatoka nyepesi au nzito kuliko ya zamani na wapiga mashine watasema bora ile ya nje. Hapa kuna mikunjo miwili ya marekebisho, yaani vipimo vinavyoiambia ripu inenepeshe au ipunguze nukta kiasi gani, na kosa la kawaida ni kuichanganya. Kwanza pleti yenyewe: asilimia 50 kwenye faili isomeke 50 kwenye pleti, kwa kipimo cha pleti, si kile cha karatasi. Ikishatulia, pigeni chapa kwa pleti hizo bila marekebisho mengine, mfikishe uzito wa wino unaotakiwa kwanza, ndipo mpime jinsi nukta inavyonenepa kwenye karatasi. Ile 50 kwenye karatasi ya kung'aa kwa kawaida hufika kama 65, na kwenye karatasi ya kawaida huzidi hapo. Kutokana na vipimo hivyo ndipo ripu hupewa mkunjo wa mashine, mmoja kwa SM 74 na karatasi ya kung'aa, mwingine kwa karatasi ya kawaida, na wa GTO peke yake. Dawa ikichoka, mnarudi kuurekebisha mkunjo wa pleti na mikunjo ya mashine haiguswi. Mkiichanganya kuwa mmoja, kila mara mtakuwa mnakisia ni nani amehama.

JDF: hapana, si sasa. Ni lugha ya XML ya kubebea maelezo ya kazi kati ya ofisi, chumba cha pleti, mashine na kumalizia. Imeanza mwaka 2000 na inasimamiwa na muungano wa CIP4. Inalipa pale ambapo mashine nyingi mpya zinaielewa. Zenu mbili hazina haja nayo, na kadi ya karatasi yenye namba nzuri itawatosha. Uliza badala yake kuhusu PPF, kaka yake mkubwa wa miaka ya 1990. Ripu hutoa picha ndogo ya kila pleti, na meza ya kuongozea mashine huitumia kukadiria funguo za wino zifunguliwe kiasi gani. Kama meza ya SM 74 yenu inaipokea, mtaokoa karatasi nyingi za kuanzia. Kama haiipokei, achaneni nayo.

Maji na umeme ndivyo vitakavyowasumbua kuliko programu. Maji ya kisima cha chumvi yasiingie kamwe kwenye mashine ya kuoshea pleti. Chumvi hula alumini, na pleti iliyoliwa hushika wino pasipo picha. Dawa mchanganye kwa maji yaliyochujwa, na maji ya kusuuza pia yapitie kichujio. Pleti isiyopakwa gundi ya kuihifadhi isilale nje usiku kucha katika hewa yetu ya bahari. Dawa yenyewe huchoka hata msipoosha kitu, kwa kuwa hunyonya kaboni dioksidi ya hewani, kwa hiyo iwekewe nyongeza kwa saa pia, si kwa idadi ya pleti peke yake. Ikishatumika isimwagwe kwenye mtaro unaoishia bahari ya Tudor. Ikusanywe na kutolewa kwa utaratibu wa NEMA, mamlaka ya mazingira. Kuna pleti zisizooshwa kabisa, zinazofunguka mashineni kwa maji na wino. Kwa mji wa maji kama yetu zinavutia, ila ni ghali na zinataka leza yenye nguvu, jambo la kuthibitisha kwenye yale majaribio kabla ya salio.

Mashine ya leza, kompyuta yake na ripu ziwe kwenye UPS ya aina inayogeuza umeme wakati wote, si ile inayoruka umeme ukishakatika. Mashine ya kuoshea, yenye hita, iende kwenye jenereta, kwani itaimaliza UPS kwa dakika chache. Chumba kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi hata usiku, na dirisha linaloelekea upepo wa kusi lizibwe.

Sasa mtu wa dizaini. Usimpunguze. Yule mwenye jicho kali zaidi, anayewakera wenzake kwa kugundua koma, mtoe kwenye kuchora na umkalishe mlangoni mwa pleti, mbele ya skrini nzuri, na mamlaka ya kukataa hata kazi ya rafiki wa baba. Ndiye atakayechukua nafasi ya yule mkaguzi wa bure. Msipompata huyo ndani ya nyumba, mashine ingojee ghalani kwanza.

Na akaunti yenu kwa mtengenezaji wa nje msiifunge kwa miezi mitatu. Mwambieni ukweli kwamba mnaanza zenu, na muendelee kumpa kazi moja kila wiki, ili mlinganishe nukta zake na zenu na muwe na pa kukimbilia leza ikigoma. Kabla ya kulipa salio, nitumie picha tatu: nyuma ya mashine inapoingia kebo, ile kadi ndani ya kompyuta yake, na pleti ya tinti ya asilimia 50 iliyopigwa mwanga wa pembeni.